Saa ya Kuunda Nyumbani Yapimwa Kiwengwa

Kabla hujauchora uso wa saa ya mkononi unayoiunda nyumbani, panda gari uende Kiwengwa.

Kuunda saa si jambo la mafundi peke yao. Mtu mwenye subira na macho mazuri aweza kuifanya kazi hiyo mezani pake siku ya mapumziko. Hatachonga gurudumu wala hatakunja kamani, kwani mashine kamili huuzwa. Ile ya Seiko iitwayo NH35, yenye vito 24 na mapigo 21,600 kwa saa, hupendwa sana na waundaji wa nyumbani. Yeye huongeza kasha, kioo, uso, akrabu na ukanda. Penye taabu ni kuzipachika akrabu zisigusane zinapopishana, na kukikata kijiti cha kutilia majira, maana kikishakuwa kifupi mno hakiungiki. Dirisha la upande wa upepo lifungwe kwanza. Chembe moja ya vumbi chini ya kioo itakukera kila utakapotaka kujua wakati.

Lakini uso uandikweje? Hilo ndilo la kukupeleka Kiwengwa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja katika Wilaya ya Kaskazini B. Kutoka mjini utapita Mahonda na Kinyasini, kisha kando ya msitu wa Kiwengwa-Pongwe wenye mapango ya mawe, mpaka uione bahari. Ufukweni hoteli za wageni zimejaa; usizishangae sana. Kama unaye jamaa kijijini lala kwake, uamke alfajiri.

Hapo jua huchomoza baharini, hakuna kilima cha kulizuia. Utafahamu mara moja kwa nini sisi huanzia hapo kuhesabu, ikawa saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Uso wa kiwandani husema 7. Tangu utotoni tumezoea kuisoma tarakimu iliyo mkabala, wala hatuoni taabu. Bali mwenye kuchora uso wake mwenyewe ana haja gani ya kuendelea na mzunguko huo? Weka 6 juu na 12 chini, na alama za dakika uziache zilivyo. Akrabu zitakaa sawa na za saa ya jirani yako, ila uso utasema kama usemavyo ulimi wako.

Wapo wanaofuata njia fupi, wakauacha uso wa kiwandani na kuzirudisha akrabu kwa saa 6. Njia hiyo ina mtego. NH35 hubeba tarehe, nayo itageuka ama alfajiri ama magharibi. Ukichagua magharibi umewafuata wazee, ambao kwao siku mpya huanza jua likitua, na usiku wa kuamkia Ijumaa ndio usiku wa Ijumaa. Ni jambo zuri la kusimulia barazani, lakini karani atakayeandika barua saa mbili usiku ataikosea tarehe.

Usidhani, hata hivyo, kwamba jua la Kiwengwa litakusahihishia saa. Wakati wa Afrika Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, na Unguja iko kwenye digrii 39 na ushei. Kwa hiyo jua hufika kilele chake baada ya saa sita: mwanzoni mwa Novemba kwa dakika 6 hivi, katikati ya Februari kwa dakika 36 hivi. Saa yako isawazishe kwa simu, kisha uitazame tena kesho yake. Ikipoteza sekunde 20 au ikizidisha 40 kwa siku, bado imo ndani ya kipimo cha NH35.

Kiwengwa ina saa nyingine, nayo ni maji. Yakipwa, hasa wakati wa bamvu, watu hutembea mbali mwambani kutafuta pweza. Na yanapoanza kujaa, hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma ya mgongo wa mtu. Kutoka kupwa hadi kupwa ni saa 12 na dakika 25 kwa wastani. Basi ukinunua kasha, nunua lenye duara la kuzungushwa. Maji yakifika mwisho wa kupwa, iweke alama ya duara mbele ya akrabu ya saa. Kesho yake uisogeze mbele karibu saa nzima. Siku za maji mafu huchelewa zaidi, kwa hiyo muulize mvuvi kabla hujashuka.

Wanawake waendao pweza hushuka kwa kuhesabu siku za mwezi na kuyatazama maji yenyewe. Ukiwaona wanageuka kurudi pwani, nawe geuka, hata kama duara lako linakupa dakika zaidi.