Njia ya Ngomo na mtoto asiyelala

Juma hili tulisindikiza mama mwenzetu na kijana wake wa miaka 13 kutoka Uvira mpaka Bukavu, SOSAME, wanakotunza wagonjwa wa akili. Tangu usiku wa masasi, mtoto halali. Kwetu alipewa dawa ya malaria mara mbili. Majirani walisema ni pepo.

Tulipita Luvungi, Kamanyola, tukapanda Ngomo. Kila honi, mtoto aliziba masikio. Tulipofika, muuguzi alimuuliza yeye mwenyewe: “Usiku unasikia nini?” Akajibu. Mama yake akalia. Sisi wote hatukuwahi kumuuliza.

Safari ilimaliza pesa ya likelemba. Tunaomba zone ya afya: kila kituo kipate muuguzi aliyefundishwa kusikiliza watoto. Barua iko kwa mwandishi wa chama. Mje mtie sahihi.