Takbira Wakati wa Kupanda, Tasbihi Wakati wa Kushuka

Kutoka Mombo, mji ulioko chini ya milima ya Usambara ambako reli ya Tanga ilifika mwaka 1905, hadi Lushoto ni takriban kilomita 33. Si masafa marefu. Hata hivyo, baba yangu, mzaliwa wa milima hiyo, alikaa miaka 20 bila kuipanda.

Babu alipofariki aliacha shamba moja na warithi wawili: baba na shangazi. Sharia iko wazi: fungu mbili kwa mwana wa kiume, moja kwa binti. Lakini ilisemwa kuwa mwanamke hurithi kwa mumewe, na shamba lote likabaki kwa baba. Akalikodisha, na kodi akaipokea akiwa Tanga mjini. Ada yangu ya chuo cha Kiislamu ilitoka humo. Nilisoma elimu ya mirathi kwa haki ya shangazi yangu, na nikanyamaza.

Usiku mmoja nilirejea kutoka msikitini na karatasi za mgawanyo wa mirathi ya familia nyingine, kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati. Baba akaziangalia kwa muda, kisha akauliza: “Na sisi je, mwanangu?”

Jumamosi iliyofuata tuliondoka. Baada ya Mombo barabara huanza kupanda mara moja, imebana ubavuni mwa mlima, bonde likiwa chini upande wa pili. Nilipiga honi kila kona, maana malori ya mboga huteremka yakiwa yamesheheni. Joto la tambarare lilituacha, tukafungua vioo. Juu yetu ulikuwa msitu. Kwenye miteremko, mashamba ya kabichi, karoti na migomba yalipandana kama ngazi.

Imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.) kuwa Masahaba walileta takbira walipopanda, na tasbihi waliposhuka. Nikasema, “Allahu Akbar.” Baba hakuitikia. Tulipofika maporomoko ya Soni aliniomba nisimamishe gari. Akayatazama maji, kisha akatazama upande wa Vuga, makao ya kale ya watawala wa Kikilindi. “Nitamwambia nini?” akauliza. Sikuwa na jibu la kitabuni.

Shangazi alitupokea kwa chai. Baba alikataa kuketi mpaka aseme. Alisema kwa maneno machache, akilia: “Dada, nilikula haki yako.”

Shangazi alikaa kimya, kisha akasema: “Radhi nilikupa zamani, kaka, nisije nikafa na kinyongo. Lakini sehemu yangu naitaka. Maliza chai, twende tukapime.”

Tulipima alasiri hiyo kwa kamba, mbele ya majirani. Kodi ya miaka yote hiyo bado ni deni, na mimi nimechukua sehemu ya kulilipa.

Wakati wa kushuka, kabla hatujafika kona ya kwanza, nilimsikia baba akisabihi kwa sauti ya chini. Aliendelea hivyo hadi Mombo.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwenu nako kuna shangazi anayelitazama shamba lake kwa mbali. Mfuateni angali hai. Allah atujaalie kurejesha haki za watu kabla ya kudaiwa mbele Yake. Amin.