Homa Ilipokuwa na Jina Moja

Mafundi waliokuja kubomoa maabara ya zamani katika kituo kimoja cha afya mkoani Tanga walikuwa na haja na mabati na mbao tu. Vingine vyote vilirundikwa chini ya mwembe: chupa za kahawia zilizokauka, sanduku la vioo, na rejesta zilizofungwa kwa kamba ya katani, mchwa wameshaanza kuzila pembeni. Mzee aliyepima damu humo kwa zaidi ya miaka thelathini alipata habari kwa kijana wa bodaboda. Akafika na mjukuu wake, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa likizo.

Binti akaokota kioo kimoja, akakiinua juani. Katikati palikuwa na duara la zambarau lililofifia.

"Babu, hivi vioo vilikuwa vya nini?"

"Vya malaria, mjukuu wangu."

"Kipimo kipo, babu. Unaweka tone, unasubiri dakika kumi na tano, unasoma mistari."

Hakusema vibaya. Mikononi mwake kipimo ni kile kipande cha plastiki, na hakijawahi kukosekana tangu aanze chuo. Slaidi aliionyeshwa darasani siku moja. Lakini mzee aliumia, na aliumia zaidi alipoona fundi mmoja amechana ukurasa wa rejesta kuwashia moto wa chai.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja lililotazama mashariki, na dirisha ndilo lililopanga saa za kazi. Darubini haikuwa na taa. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha kukinga jua na kurusha mwanga juu kwenye slaidi, hivyo mawingu yakitanda foleni ilisimama, na akina mama wakakaa barazani na watoto wao wanaochemka mpaka mbingu ifunguke. Mgonjwa akiingia, kidole kilipanguswa kwa pamba yenye spiriti, kikachomwa. Tone liliwekwa kwenye kioo na kutandazwa kwa kona ya kioo kingine, taratibu, mpaka liwe duara dogo, si zito la kubanduka wala si jepesi la kupoteza wadudu. Kisha lilisubiriwa likauke, na hapo adui alikuwa nzi. Nzi hulamba damu ile, na asubuhi unakuta slaidi ina mashimo. Mpima alikuwa na kawa la ukili alilofumiwa na mkewe kwa ajili ya kufunikia slaidi tu, na ole wake mhudumu aliyelichukua kufunikia ugali.

Baada ya hapo ilikuja rangi ya Giemsa, dakika kumi ikiwa kali, nusu saa na zaidi ikiwa nyepesi. Slaidi ilisuuzwa kwa maji, ikakaushwa, ikadondoshewa tone la mafuta juu, lenzi kubwa ikashushwa. Ndipo wanaonekana: vipete vyembamba vya buluu, kila kimoja na jicho jekundu. Kumwona mdudu hakukutosha. Ilibidi kuhesabu, wadudu huku na chembe nyeupe za damu kule, mpaka chembe zifike 200. Mashine ya kuhesabia hakuwa nayo. Alitumia punje za mahindi na vibakuli viwili vya bati, jicho likiwa kwenye lenzi, mkono ukihamisha punje bila kuutazama. Harufu ya Giemsa na methanoli ilimfuata mpaka nyumbani, na kucha zake zilikuwa za zambarau hata siku ya Idi.

Akiandika 4/200, mgonjwa alitoka nje akatangaza ana malaria nne, na jirani mwenye kumi alimtazama kwa huruma ya mkubwa kwa mdogo. Lugha hiyo bado ipo mitaani, ingawa wengi wanaoitumia hawajui ile nne ilihesabiwaje.

Zilikuwapo pia fomu alizoandika neno moja: Hakuna. Hizo zilirudi kwa tabibu kama nyingine, naye tabibu akaandika klorokwini.

Mpima hakumchukia tabibu kwa hilo. Kwanza, lugha yenyewe ilikuwa imeshaamua. Homa ni joto la mwili, na homa ni malaria. Neno moja limebeba dalili na ugonjwa, na mama akisema mtoto ana homa ameshataja ugonjwa na dawa. Pili, mwongozo wa siku zile uliagiza kwamba penye malaria nyingi mtoto mwenye homa atibiwe malaria bila kungoja kipimo, kwa kuwa kumkosa mmoja ni kumzika. Tatu, darubini za zahanati nyingi zilikuwa na ukungu kwenye lenzi na rangi iliyopitwa na muda, basi tabibu alikuwa na sababu ya kutoamini karatasi. Lililomkera mpima ni kwamba hakuna aliyetaka kujua. Mwisho wa mwezi alijumlisha waliopimwa, waliokutwa na wadudu na waliokutwa bila, akapeleka hesabu ofisini, na hesabu ikalala. Hata MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ilipoanza miaka ya mwanzo ya tisini na vitabu vyake vikubwa, aliyekuja kukagua aliangalia kama kurasa zimejazwa. Zilisema nini, hakuuliza.

Klorokwini nayo ina historia yake, na kila aliyezaliwa kabla ya miaka ya tisini anaibeba kwenye ulimi. Uchungu wake ulikaa kooni mpaka kesho yake, chai ya sukari nyingi isiufute. Halafu usiku mwili unawasha, pasipo upele, kuanzia viganja na nyayo mpaka kichwani. Watu walijikuna kwa magunzi, wakajisugua ukutani, wengine wakaapa kwamba wataificha chini ya godoro. Lakini iliponya, na ilishusha homa upesi. Hiyo ndiyo sababu watu waliing'ang'ania ilipoanza kushindwa.

Dalili za kushindwa zilionekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya sabini. Mpima aliziona kwa njia yake: mgonjwa amemaliza dozi, anarudi baada ya wiki, vipete vile vile. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, Kenya mwaka 1998. Tanzania ilikuwa bado inapima, na kupima kwenyewe kulikuwa kazi ya heshima: vituo vya uangalizi vilichaguliwa, watoto wakapewa dawa mbele ya muuguzi, damu ikachukuliwa tena na tena kwa siku 14. Katika baadhi ya vituo klorokwini ilishindwa kwa zaidi ya nusu ya watoto. Sera ilibadilika mwaka 2001. Mzee anasema Agosti, na kumbukumbu za wizara zinamuunga mkono, ingawa dukani kwa jirani yake klorokwini iliuzwa kwa muda mrefu baadaye. Kwa yule muuza duka sera ilibadilika siku kopo lilipokwisha.

Dawa iliyofuata, SP (sulfadoksini na pirimethamini), watu hawakuipenda. Haikuwa chungu wala haikuwasha, ila haikushusha homa kama klorokwini, na mama aliyezoea kuona mtoto anatoka jasho jioni ile ile aliona amedanganywa. Baada ya miaka michache nayo ikawa imechoka. Mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu.

Kabla dawa mseto haijaingia, huko Rufiji na Morogoro vijijini, lilifanyika jambo ambalo mpima alilisikia kwenye semina na hakulisahau. Mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya pamoja na Wakanada, uliuliza swali jepesi: watu wa wilaya hii wanakufa kwa nini, na fedha za wilaya zinakwenda wapi? Wengi wanafia nyumbani, na kitabu cha hospitali hakiwajui. Kwa hiyo wahojaji walipita nyumba kwa nyumba. Walingoja arobaini ipite, wakakaa na mama mkekani, wakauliza marehemu alianza kuumwa lini, alikohoa, alipata degedege, shingo ilikaza. Majibu yakapelekwa kwa madaktari, nao wakayasoma na kutaja chanzo cha kifo.

Yalipowekwa kando ya bajeti, mambo hayakulingana. Morogoro, malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilipata asilimia 5 ya fedha. Kifua kikuu kilichukua asilimia 22 ya fedha huku kikibeba chini ya asilimia 4 ya miaka iliyopotea. Wasimamizi wa wilaya hawakupewa utajiri. Walipewa nyongeza ndogo kwa kila mkazi, na picha rahisi za kuonyesha mzigo uko wapi, wakapanga upya wenyewe: kutibu watoto kwa utaratibu mmoja kamili, vyandarua, dawa kufika zahanati kwa wakati. Ndani ya miaka mitano hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mambo mengine yalichangia, na waliohusika walikiri hivyo. Lakini kwa mpima wa zahanati ambaye hesabu zake zililala miaka yote, kusikia kwamba kuna wilaya ilisoma hesabu zake ikahamisha fedha kulikuwa kama kusikia mtu ameitwa jina lake kwenye mkutano.

Kisha ukaja mwaka 2004. Daktari mmoja alimletea nakala ya utafiti wa Hugh Reyburn na wenzake, uliotoka katika jarida la kitabibu la Uingereza, kutoka hospitali kumi za kaskazini mashariki ya Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Slaidi zao zilisomwa upya kwa uangalifu. Waliokuwa na wadudu walikuwa 2,062. Waliobaki 2,412 hawakuwa nao. Katika wale wenye malaria kweli walifariki 142. Katika wale wasiokuwa nayo walifariki 292.

Mzee alisoma mistari hiyo akiwa amesimama mlangoni pa maabara, akakaa kitini.

Alikuwa na mgonjwa wake mmoja katika hesabu ya namna hiyo. Mtoto wa jirani, wa miaka mitatu, aliletwa mara mbili ndani ya siku nne, wakati wa mvua za El Niño. Mara zote mbili mpima alitazama slaidi mpaka jicho likatoa machozi, na mara zote mbili aliandika Hakuna. Mara ya pili alikwenda mwenyewe kwa tabibu wa zamu, jambo lisilo la kawaida kwa mtu wa cheo chake, akasema, "Daktari, huyu mtoto si malaria." Tabibu, mtu mwema aliyekuwa na foleni ya watu sitini, alijibu kwamba mdudu anaweza kujificha. Mtoto akatundikiwa kwinini. Shingo ilikuwa imekaza, mama yake alilisema hilo baadaye, msibani. Hakuna aliyemuuliza kabla.

Miaka iliyofuata ilikwenda mbio. Jaribio moja la mapema la kipimo cha haraka, kaskazini mashariki huko huko, lilitoa jibu la kusikitisha: zaidi ya nusu ya waliopimwa wakakutwa hawana malaria walipewa dawa ya malaria hata hivyo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila homa ipimwe kabla ya dawa. Vipimo vikasambazwa, mabango yakatangaza kwamba si kila homa ni malaria, hati punguzo za vyandarua na vyandarua vyenyewe vikafika vitongojini. Watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea kwenye uchunguzi wa kitaifa walikuwa asilimia 18 mwaka 2007 na 2008. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Huo ni ushindi, na mzee anausema kwa sauti.

Anachokisema kwa sauti kubwa zaidi ni kingine. Tabibu wa leo akiona mstari mmoja kwenye kipimo, anaandika antibayotiki, kwa mkono ule ule uliokuwa ukiandika klorokwini, bila kumsikiliza mtoto kifua. Watafiti wameliona hili katika nchi kadhaa: dawa za malaria zilipungua baada ya vipimo, antibayotiki zikaongezeka. Dukani dawa mseto inauzwa kama pipi. Taarifa sasa zinatumwa kwa kompyuta, na kituo kinasifiwa kwa kutuma mapema, lakini ukiwauliza waliozituma mwezi jana zilionyesha nini, wanatazamana.

Na mdudu hajakaa kitako. Mwaka 2020 Rwanda iliripoti vimelea vyenye badiliko liitwalo R561H, ambavyo huchelewa kufa mbele ya dawa mseto. Baadaye vikaonekana Karagwe, mkoani Kagera. Dawa bado inaponya, lakini ni mwanzo kama ule wa klorokwini, na safari hii wapo wanaochukua damu kwenye karatasi, kituo kwa kituo, kuufuatilia. Mzee alipoambiwa aliuliza kitu kimoja tu: nani anasoma majibu?

Chini ya mwembe, mjukuu alikuwa amewanyang'anya mafundi zile rejesta. Aliipangusa moja kwa khanga, akaifungua ya mwaka 1998, akaona mwandiko wa babu yake, umelala kulia, wino wa buluu. Alitoa simu akaanza kupiga picha ukurasa baada ya ukurasa. Mzee alivuta kigoda, akavaa miwani, akaanza kumsomea mstari kwa mstari ili aandike: umri, kijiji, jibu la slaidi, dawa iliyotolewa.

"Miaka minne. Hakuna. Klorokwini."

"Ndiyo, babu."

"Miezi minane. Wapo, sita kwa mia mbili. Klorokwini."

"Ndiyo."

"Miaka mitatu," akasema, akanyamaza. Kidole chake kilibaki pale pale kwenye mstari. Binti aliinua macho, akangoja, kalamu mkononi.

"Hakuna," akasema mzee. "Kwinini. Andika, mama."