Nyimbo za Babu

Likizo ya Agosti bibi yangu wa Kisauni alinikabidhi simu yake mpya. "Mjukuu wangu, nitilie taarabu za marehemu babu yako."

Babu alihamisha kanda zake kwenye kompyuta mwaka 2006: Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Malika, na za harusi za mtaani. Nikaunganisha waya, nikanakili saa nzima. Lo! Majina yalionekana yote 212, lakini kila nikibonyeza, kimya! Kumbe faili zilikuwa za WMA, na simu ile haizitambui; yenyewe yataka MP3. Simu ya elfu kumi na tano, jamani!

Jirani akashauri tutafute nyimbo upya kwenye intaneti. Lakini zile za harusi, ambamo babu mwenyewe husikika akishangilia, tutazipata wapi?

Basi nikatafuta programu ya kuzibadilisha. Usiku wa pili nikamaliza. Sauti ilififia kidogo, nayo majina yakapotea: Wimbo 1, Wimbo 2, mpaka mwisho.

Sasa Bibi hukaa mkekani, mimi kalamu mkononi. Udi ukilia tu, ananitajia jina. Tumefika wa 87.