Shemeji, huku farasi hawahesabiwi

Geita, Jumapili jioni

Shemeji,

Habari za Houston? Dada hajambo? Watoto wameshalizoea hilo joto lenu? Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wangu una malalamiko ambayo nitayafikisha mbele ya safari.

Uliniuliza kwenye simu, tena kwa sauti ya mtu aliyetoka kugombana, kama niko upande wa Mustang au wa hiyo Challenger yako. Nikakuahidi jibu. Basi nimezunguka siku tisa, Shinyanga hadi Kahama na Kahama hadi huku Geita, na kila penye gereji nimelitoa swali lako nikaliweka mezani. Majibu ninayo. Hayatakupendeza, lakini wewe ni shemeji, utavumilia.

Dar hadi Dodoma nilipanda treni ya umeme, nikalala kidogo, nikashtuka tumefika. Kuanzia hapo ni basi: Singida, Nzega, Tinde, kisha Shinyanga. Ndani ya basi abiria wanabishana Scania na Mchina nani ana pumzi mlimani, na dereva anawasikia, na ndipo anapokanyaga. Nakushauri ukipanda basi la huku usianzishe mada hiyo.

Shinyanga nililala kwa ba'mdogo, Ngokolo. Asubuhi nikapewa chai na michembe yenye karanga, ile ya kutafuna mpaka taya zinaomba likizo. Jioni akanipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye sasa hashiki tena spana, anakaa tu kivulini na kusahihisha wenzake. Nikatoa shikamoo, halafu kwa kujidai nikaongeza "mwangaluka". Mzee akacheka sana. Ilikuwa saa kumi alasiri. "Mwadila," akanirekebisha, "hiyo yako ni ya asubuhi."

Nilipomwambia shemeji yangu wa Marekani ana gari la V8 linalonguruma, hakushtuka hata kidogo. "Hayo yaliwahi kuletwa," akasema. "Yalikufa kwa tope."

Nikadhani uzee. Kumbe mzee anaijua historia. Pasaka ya mwaka 1964, Ford ya Marekani ilishusha Afrika Mashariki kikosi kizima cha Mercury Comet, magari mapana yenye injini ya V8, yashindane kwenye mbio za magari za Safari, zile zilizokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mafundi, spea, fedha, kila kitu kilikuwepo. Mvua ikanyesha. Katika kikosi chote, Comet mbili tu ndizo zilizomaliza, tena mkiani. Na ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes wa Kenya akiwa na Ford Cortina GT, kagari ka Uingereza kenye injini ya lita moja na nusu. Yaani Ford kamfunga Ford, mtoto kampiga baba mbele ya wageni. Mwaka uliofuata Joginder Singh akashinda na Volvo ambayo ilikuwa imeshashiriki Safari ya 1964, akainunua ikiwa imetumika. Hapo mzee alinyoosha kidole. "Mtumba," akasema. "Andika hiyo. Alishinda na mtumba."

Nimeandika. Nami nikaongeza hesabu yangu mwenyewe, maana unajua napenda tarehe. Comet na Mustang zote zilitokana na Ford Falcon, kwa hiyo ni mtu na ndugu yake. Comet ilipigwa huku mwishoni mwa Machi. Mustang ikazinduliwa New York Aprili 17, 1964. Na Aprili 26 Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Mustang ni mkubwa wa Muungano kwa siku tisa. Hilo nalitoa bure, lipeleke kwenye ubishi wenu huko.

Kuna jingine la kukuchokoza. Hiyo Challenger unayoiita Mmarekani halisi imeundwa Brampton, Ontario. Kanada, shemeji! Nimeligundua hilo nikiwa napita karibu na Mwadui, kwenye almasi aliyoigundua John Williamson mwaka 1940, naye Mkanada. Ukifika Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu ni wa Twiga, ubia wa Serikali na Barrick ya Toronto, jirani kabisa na Brampton. Inaelekea kila kinachong'aa na kunguruma katika maisha yetu kuna Mkanada nyuma yake.

Sasa mgongo.

Kutoka Kahama nilipata lifti kwa kijana mmoja broka wa dhahabu, mwenye Mark X nyeusi, namba E, tinti mpaka huoni kama ni mchana. Gari zuri, sikatai. V6, lita 2.5, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na limeinama mbele kama duma anayenyata. Toyota ililitengeneza kuanzia 2004 hadi 2019, na naamini nusu ya yote yaliyotoka kiwandani yako Tanzania yakiendeshwa na watu wa umri wa mpwa wako. Kwenye lami alinionyesha. Nikamwambia nimeona, inatosha. Akanionyesha tena.

Kisha lami ikaisha. Nilipopita, kipande kirefu cha kuelekea Kakola kilikuwa bado vumbi na mashimo, na malori ya mizigo yameacha tuta katikati ya barabara kama mgongo wa kiboko. Kijana akajaribu kulipanda tuta kwa tairi la upande mmoja. Tukasikia "ngo!", kisha kimya, kisha harufu ya oili ya moto. Sampo imepasuka. Tukashuka, tukainama, tukaangalia oili inavyonywewa na vumbi. Hakuna aliyesema neno.

Baada ya kama saa nzima ikaja Land Cruiser mkonga. Unalijua, lile la kazi, lenye bomba la kuvutia hewa limepanda ubavuni hadi juu ya paa. Nyuma limebeba kompresa, juu ya kompresa viroba, juu ya viroba vijana sita. Dereva akasimama, akaitazama Mark X kwa huruma ya daktari.

"Hili ni la harusi," akasema.

"Kwenye lami hunioni," kijana akamjibu, bado ana kiburi chake.

"Lami iko wapi?"

Akatufunga kamba, akatuvuta. Kilomita zote hizo wale wawili wakaendelea kubishana kwa simu, mmoja akiwa anamvuta mwenzake! Mimi niko katikati ya ubishi, nimekaa kwenye gari lisilo na injini, kila shimo linasalimia uti wa mgongo wangu kwa jina.

Ule mkonga una injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, silinda sita zimepanga mstari, haina tabo wala kompyuta ya maana. Toyota waliianza mwaka 1990 na mafundi wa huku wanaifumua wakiwa wanapiga soga. Nguvu zake ni farasi 130 hivi. Challenger ya Hellcat ilitoka na farasi 707. Nikapiga hesabu nikiwa navutwa: Hellcat moja ni mikonga mitano na chenji. Ila mkonga mmoja ulikuwa unavuta Mark X, kompresa, viroba na vijana sita, na haukubadili hata sauti.

Geita nilifikia karibu na gereji iliyo chini ya mwembe, na huko ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kila jioni wanakusanyika: fundi, mabroka, mwenye karasha la kusagia mawe, kijana wa Subaru, na mzee mmoja mwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu. Ubishi hauna mwanzo. Ukifika unadandia tu.

Kijana wa Subaru ndiye mwenye kelele. Ana Forester ya tabo, na hoja yake ni kwamba Mark X ni sura na Subaru ni roho. Mtu wa Mark X anamjibu kwa neno moja, "gasketi", na watu wote wanacheka, maana Forester hiyo ilikuwa imelala pale gereji wiki ya pili, kichwa cha injini kimetolewa na kufunikwa kwa gunia. Nikawaambia jambo walilolipenda sana: kwa miaka mingi viwanda vya Japani vilikubaliana kutotangaza gari lenye nguvu zaidi ya farasi 280, hadi mwaka 2004 mkataba huo ulipoachwa, na mengi kati ya hayo yalikuwa na zaidi ya kilichoandikwa. Kijana wa Subaru akasimama. "Mnasikia? Wanaficha! Na mimi siku zote nasema langu linaficha!" Fundi akalitazama lile gunia, akasema linaficha kweli.

Kisha nikatoa video yako. Ile uliyonitumia ukiwa umesimamisha Challenger na tairi za nyuma zinazunguka mpaka moshi unaficha nyumba ya jirani. Wakaitazama mara mbili kwa utulivu.

"Amekwama?" akauliza mzee wa maduara.

Nikasema hapana, anafanya makusudi.

"Anaunguza matairi. Makusudi."

"Ndiyo, mzee."

"Mmoja bei gani huko?"

Nikamtajia kwa dola. Akatafsiri kwa shilingi, kisha, kama Msukuma halali, akatafsiri kwa ng'ombe. Sitakuambia alipata ng'ombe wangapi. Ila shemeji, kuanzia hapo heshima yako pale kijiweni ilishuka, na mimi nikashuka nayo kidogo kwa kuwa nimekupa dada.

Yule mzee ndiye aliyenipa jibu lako, na sikuwa nimemtegemea kwa kuwa muda wote alikuwa kimya anakunja kamba. Duara lake lilitema mwaka 2019, mwaka uleule soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa. Akanunua V8, ile Land Cruiser 200 series, nyeupe. Akaenda nayo kwao, watu wakaizunguka. Miaka mitatu baadaye duara likakauka. Vijana wanataka posho, matimba ya kushikilia kuta yanataka fedha, kompresa imekufa. Akaiosha V8 asubuhi, akaipeleka mjini, kabla ya magharibi amehesabu fedha zake. Sasa anapanda pikipiki ya Boxer, na duara jipya limeanza kuonyesha dalili.

"Hiyo ya shemeji yako," akaniuliza, "nikishikwa Jumatano, nitamuuzia nani Alhamisi?"

Nikajaribu kumtetea Mustang. Nikamwambia tangu kizazi cha 2015 Ford wanaitoa na usukani wa kulia, tofauti na Challenger ambayo usukani umebaki kushoto hadi imekufa. Akauliza ushuru. Nikamwambia forodha asilimia 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa nao unapanda injini ikizidi cc 2,000, na hiyo ina cc 5,000. Akauliza spea, nikasema ni za kuagiza. Akauliza ikipita kwenye tuta la Kakola itakuwaje. Hapo kijana wa Mark X akaangalia pembeni, na mimi nikaomba tubadili mazungumzo.

"Watakuja kupiga nayo picha," mzee akahitimisha. "Kununua, hapana."

Unaona sasa wanachopima? Ninyi mnauliza lipi litafika kwanza kwenye taa za barabarani. Hawa wanauliza lipi linageuka fedha haraka siku mwamba ukigoma, na kwa kipimo hicho Land Cruiser haina mpinzani. Hata ubishi wa Land Cruiser na Nissan Patrol, ambao kwingine hugombanisha ndugu, hapa unaisha kwa dakika mbili: Patrol ni gari la maana, wanakubali, lakini mnunuzi wake inabidi umtafute. Wa Land Cruiser anakutafuta yeye. Nadhani wana haki, ingawa mimi binafsi moyo wangu ulibaki kwenye ile Mark X, hata baada ya yote. Nilivyo mjinga.

Halafu wana ukaidi wa majina. Land Cruiser VX mpya, ile 300 iliyotoka 2021, Toyota waliiondolea V8 wakaweka V6. Nimewaeleza, wakanisikiliza kwa adabu, gari lilelile likapita barabarani, wote kwa pamoja: "Cheki V8!"

Kesho naondoka kupitia Busisi, kwa Daraja la Magufuli, kilomita 3 juu ya ziwa, lililofunguliwa Juni 2025. Vijana wanasema limewaharibia. Zamani ukitoka Mwanza ulikanyaga mpaka Kigongo, kisha unasimama kwenye foleni ya kivuko, na Noah uliyoiacha mbali inakuja taratibu inaegesha nyuma yako, mnavuka pamoja, mnanunuliana samaki. Sasa mwenye kasi anapotea moja kwa moja, na hakuna pa kumchekea.

Jambo la mwisho ni ombi lao. Nimewaeleza kwamba Challenger iliacha kutengenezwa Desemba 2023, na kwamba Dodge mwaka 2024 wametoa Charger ya umeme yenye spika za kutoa mngurumo bandia. Fundi aliweka spana chini. "Kwa hiyo gari linaimba plebaki," akasema, na sikuona mtu aliyecheka.

Basi wanataka urekodi yako. Asubuhi, injini ikiwa baridi, simu karibu na bomba la moshi, uwashe bila kukanyaga. Picha hawataki. Fundi anasema akisikia sekunde kumi atakuambia kama kuna plagi inayokosa, na kijana wa Subaru ameshaweka dau la soda kwamba ipo.

Msalimie dada. Mwambie michembe nimemchukulia kilo mbili.

Shemeji yako