Kabla ya kununua betri mpya, pima huku na huku

Najua nimekuwa kimya, si unajua tena mambo ya testi. Leo naandika habari ya sola, maana tangu nirudi kutoka likizo watu watatu hapa hosteli wameniuliza swali lilelile: nyumbani jua linawaka kutwa, usiku taa zinakata mapema, tatizo nini?

Nitatumia mfano wa kwetu. Kwetu ni Singida, kijijini, na nguzo za umeme hazijafika kitongojini. Tuna paneli ya wati 80, betri ya maji ya Ah 100, kontrola ndogo ya ampia 10, taa nne na TV. Katikati ya muhula Mama akanipigia: saa mbili na nusu usiku giza, na mdogo wangu yuko fomu foo anasomea kibatari. Fundi akaja, akaona taa nyekundu kwenye kontrola, akasema betri imekufa, mpya ni Sh 350,000. Mama akaanza kutafuta mtu wa kununua ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe ndiye ada ya dogo ya mwakani! Nikamwambia, Mama, usiuze, nakuja.

Basi bwana, nikaenda na mita yangu. Kwanza paneli. Paneli ya "volti 12" yenye seli 36, ukichomoa waya zake na kuipima kwenye jua kali, inatakiwa itoe kama volti 20 hadi 22. Yetu 20.6. Nzima.

Kisha nikapima wakati inachaji. Kwenye skrubu za kontrola upande wa betri: 14.3. Kwenye betri yenyewe: 13.5. Hapo ndipo penye kesi. Waya ni uleule, volti 0.8 zimepotelea wapi?

Zimepotelea njiani. Kontrola ilifungwa sebuleni karibu na TV ili ipendeze, betri iko stoo. Katikati kuna mita sita za waya mwembamba wa milimita 1.5 za eneo. Kwenda na kurudi ni mita 12, ukinzani kama omu 0.145. Pitisha ampia 4.4, unapoteza volti 0.64. Zilizobaki zilimezwa na ukoko wa kijani kwenye vichwa vya betri.

Sasa sikiliza. Kontrola haiioni betri, inaona volti zilizo kwenye skrubu zake tu. Mchana inaona 14.4, inadhani betri inakaribia kushiba, inaanza kubana chaji, kumbe betri iko 13.6. Usiku umeme unageuza njia: betri iko 11.7, kontrola inaona 11.1, inakata. Yaani betri inalishwa kidogo na bado inanyang'anywa sahani mapema. Na betri ya aina hii ikilala njaa miezi mingi, salfeti inaganda kwenye bamba zake na inakufa kweli. Kwa hiyo Mama angeuza ng'ombe, na betri mpya ingekufa kwa ugonjwa uleule.

Dawa yake: nilichomoa paneli kwanza, halafu betri. Nikahamishia kontrola stoo, ukutani pembeni ya betri, si juu yake, maana betri inatoa gesi. Nikaweka mita moja ya waya wa milimita 4. Vichwa nikavisugua kwa maji ya moto na magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa, nikaongeza maji ya betri. Kurudishia, betri kwanza, paneli baadaye. Waya mrefu sasa uko upande wa paneli, ambako kuna volti za ziada na haumdanganyi mtu.

Nikapima tena: kontrola 14.3, betri 14.2. Siku ya nne dogo alisoma mpaka saa tano usiku. Betri haijawa mpya, ile njaa imeshaila kiasi, lakini inafanya kazi. Gharama yote Sh 16,000. Ng'ombe yupo zizini.

Sisemi fundi ni mwizi. Hakuwa na mita, akaamini taa nyekundu. Ila taa nyekundu inasema kontrola imeona volti ndogo, haisemi kwa nini. Kwa hiyo wadau, mkienda nyumbani bebeni mita. Pimeni kwenye kontrola na kwenye betri, mchana ikichaji na usiku taa zikiwaka. Tofauti ikizidi volti 0.2 au 0.3, anzeni na waya na vichwa. Namba zikilingana, betri ikachajiwa vizuri siku kadhaa, ikaachwa usiku bila mzigo na asubuhi bado iko chini ya 12, hapo hata mimi nitasema nunua.

Mwenye swali anajua chumba changu. Tupo pamoja!