Bibi wa Busi na ramani ya nyumba

BIBI huyu wa Busi, wilayani Kondoa, alikuja Dodoma mjini kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alifikia kwa mwanawe wa pili, fundi umeme mwenye watoto watatu, aliyepanga vyumba viwili Nzuguni huku akijenga kwake pembezoni mwa jiji. Nyumba ilikuwa imesimama kwenye linta mwaka wa pili.

Ambacho bibi hakukijua ni kwamba mwanawe alikwishapokea malipo ya awali ya shamba la Busi, lile lenye tembe aliyoijenga marehemu baba yao. Mkewe alimsihi: "Mwambie mama." Akajibu kwamba atamwambia akishapona.

Siku ya Nanenane familia nzima ilikwenda kwenye maonyesho. Watoto walitaka kuona ng'ombe wa maziwa. Baba akawapeleka kwanza kwenye banda lenye michoro ya jiji: barabara za njia nne, maghorofa, maeneo ya makazi. "Mama, hapa ndipo tutakapokaa," alisema, akionyesha kwa kidole.

Bibi alisogeza uso, jicho moja bado limefungwa bandeji. Akauliza, "Jioni watu wanaketi wapi?"

Kijana wa bandani, aliyekuwa amempa shikamoo, alimwonyesha sehemu zilizopakwa kijani. Akamweleza kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Mpango wa 1976, uliochorwa na kampuni kutoka Canada, uliwaza mji wa watu wanaotembea kwa miguu na kupanda mabasi, si mji wa magari. Miaka ikapita polepole. Baada ya 2016 serikali ikahamia kwa kasi, Dodoma ikatangazwa jiji mwaka 2018, na sensa ya 2022 ikahesabu watu zaidi ya 760,000.

"Kwa hiyo bibi, maeneo ya kukaa yamo kwenye ramani," alimaliza kijana. "Kazi ni kuyalinda yasijengwe."

Ndipo binti wa darasa la sita, aliyezoea kuichungulia ramani ya nyumba yao kwenye simu ya baba, akauliza: "Baba, mbona kwenye ramani yetu hakuna chumba cha bibi?"

Baba hakujibu. Waliangalia ng'ombe, wakanunua miwa, wakarudi nyumbani kimya.

Usiku ule alimweleza mama yake yote. Bibi hakupandisha sauti. "Miti ya tembe ile niliibeba mimi kichwani, wewe ukiwa mgongoni," alisema. "Ungeniuliza, huenda ningekubali. Lakini umeniuzia nikiwa sioni."

Maneno hayo yalimuuma kuliko ugomvi. Mnunuzi alitaka fedha zake, na nyingi zilikwishaishia kwenye nondo na saruji. Fundi aliuza pikipiki yake, akakopa kwa kaka yake, akazirudisha kwa awamu tatu. Sasa anakwenda kazini kwa daladala, na mkewe amebana matumizi ya jikoni. Nyumba bado iko kwenye linta.

Ila ramani imebadilika. Kuna chumba kimoja cha chini karibu na choo, bila ngazi ya kupanda, na mbele ya nyumba kuna kibaraza kipana. Binti ndiye aliyekichora kwa penseli, akaweka na kigoda.

Bibi amerudi Busi akiona vizuri. Alipoulizwa kama atahamia mjini nyumba ikiisha, alisema atakuja kuketi kwanza, ndipo aamue.

Mzazi, ukichora nyumba au ukitaka kuuza cha ukoo, waite wote mezani kabla hujapokea hata shilingi. Muulize mzee angependa kukaa wapi. Na mtoto akiuliza swali gumu, usimnyamazishe; huenda ameona ulichokiruka.